Nyasi Juu ya Bati la Haji Mbaraka

Ninyi mnaoezeka siku hizi kwa bati la msauzi, lenye rangi na misumari iliyovaa kofia ya mpira, nawasikia mkipita hapa kwangu Majengo mkijisifu kwamba paa mmelipanda asubuhi na mchana mko chini mnakula ugali. Sawa. Mimi siwaonei wivu, magoti yangu ndiyo yanawaonea. Ila nawauliza jambo moja kabla hamjaegemeza ngazi nyingine: mmewahi kukaa chini ya paa mlilolifunga wenyewe, mvua inanyesha, mkasikiliza?

Najua hamjawahi. Mnalipwa, mnaondoka.

Mimi shule niliiacha darasa la nne. Sikufukuzwa. Lori la dagaa lilipita wakati wa mapumziko, nikataka kujua linatoka wapi, nikalidandia. Lilikuwa limetoka Kipili. Nikakaa Kipili nikipakua mizigo ya boti mpaka nikajua kila boti inatoka wapi na kila nahodha anamdanganya nani, kisha nikachoka. Nikateremka bondeni Mtowisa kuvuna mpunga, joto likanifundisha adabu, nikapanda tena huku juu kwenye baridi. Nimekuwa mchunga ng'ombe, mpiga tofali, utingo. Kazi iliyonishika ni ya kuezeka, na ilinishika kwa sababu moja: ukiwa juu ya paa unaona ua wa kila mtu. Nani kaanika nini, nani kanuna, nani kapika nyama na kumwambia jirani ni maharage. Mtu mdadisi hapewi kazi nzuri kuliko hiyo.

Mwalimu wangu aliitwa Mzee Kalolo, Mfipa wa kijiji kimoja mlimani juu ya mji. Mtu mfupi, ulimi mkali kuliko panga lake. Paa langu la kwanza lilikuwa jiko la mjane mmoja kijijini kwake. Nikalaza nyasi vichwa chini, mashina juu, kwa kuwa niliona zinapendeza hivyo, zinaning'inia kama ndevu. Mzee akaja, akazunguka mara moja.

"Umeezeka hapa, au umemsuka nywele?"

"Nimeezeka, mzee."

"Haya. Ingia ndani, ukae. Wingu lile linakuja kukusalimia."

Likaja. Mvua iliingia jikoni bila kupiga hodi, ikafuata kila unyasi mpaka kwenye ncha, na kila ncha ilikuwa imeelekea kichwani mwangu. Nilipotaka kutoka, mzee alisimama mlangoni na fimbo. "Fundi asiyekaa chini ya kazi yake ni mwizi," akasema. Nikalowa mpaka mfupa, mjane akacheka mpaka akaninyima chai kwa kusahau.

Basi shikeni hayo kwanza. Nyasi zikatwe mbegu zikishadondoka na umande ukishakauka. Mashina yaelekee chini. Na paa liinuke: kama mbuzi anaweza kulipanda, maji nayo yatalala hapo. Unene wake uupime kwa kuingiza mkono. Kama vidole vinatokea upande wa pili, fungua uanze upya.

Sasa niwaambie kuhusu vita.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa kila mtu alikuwa anaota bati. Nyumba bora ilikuwa ya bati, nyasi zilikuwa za wazee na za kuku. Hapa mtaani aliyetangulia ni Haji Mbaraka, mwenye duka na malori, mtu wa kanzu nyeupe na sauti ya kushusha mizigo. Alijenga nyumba ndefu, akaipiga bati mwanzo mpaka mwisho. Jua likiwaka, Mzee Kalolo kule mlimani alikuwa anasema Sumbawanga sasa kuna jua la pili na hilo halitui.

Kisha redio ikatuambia tuko vitani na Uganda. Tukasikia ndege zimeangusha mabomu Bukoba. Baadaye tukasikia Mwanza. Ukitazama ramani, sisi tuko pembe nyingine kabisa ya nchi. Lakini hofu haihitaji nauli. Ilikuwa imeshafika, na balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Desderi, ndiye aliyeipokea.

Desderi alikuwa mkulima wa ulezi, mtu mwema, mwenye filimbi. Akatuita, akasema bati zinang'aa, rubani akizitazama kutoka angani atatuona kama sahani juani, kwa hiyo zifunikwe zote.

"Agizo limetoka wapi, ndugu balozi?" nikauliza.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Wewe kijana, siku moja maswali yako yatakufikisha mahali."

"Nitashukuru, bado sijafika popote."

Watu wakacheka, yeye akapiga filimbi, tukaanza.

Hapa lazima muelewe jinsi sisi wa huku tunavyolima, kwa kuwa mambo yote yaliyofuata yalitokana na hilo. Mfipa halimi matuta marefu tu kama wengine. Anageuza udongo pamoja na majani yake, anayafukia majani ndani, anafinyanga tuta la duara mfano wa chungu kilichofunikwa. Majani yanaoza humo, mwaka unaofuata anapanda. Mikono imezoea toka utotoni. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo: chukua majani na udongo, ufunike. Atafunika vipi? Atafanya tuta. Ndivyo ilivyokuwa. Nilipanda juu ya paa langu nikatazama mtaa mzima, nikaona watu wazima wako juu ya bati na majembe, wanalima! Jembe likigusa bati meno yangu yalikuwa yanauma mpaka kwenye sikio. Na ili udongo usiteleze, wakamwagia juu yake mabua na makapi ya ulezi, yale yaliyobaki mahali pa kupuria.

Haji Mbaraka alikataa katakata. "Udongo juu ya bati langu? Lioze?" Mwishowe wakakubaliana: nyumba kubwa nitaifunika mimi kwa nyasi chache zilizofungwa kamba, na banda la kuku lililo nyuma ya ua Desderi atalifunika mwenyewe kwa mikono yake, liwe mfano kwa mtaa. Alilifunika hasa. Lilikuwa na tuta ambalo ungeweza kulipeleka kwenye maonyesho.

Mvua za kwanza zikanyesha, na makapi ya ulezi, kama mnavyojua ninyi mliokulia shambani, hayakosi punje. Mtaa ukaota. Kila paa likawa kijani. Mbuzi walisimama barabarani shingo juu, wanalia kwa uchungu wa mapenzi. Mke wa Desderi akaomba ngazi yangu akapalilie. Wazee wa kahawa wakasema kilimo cha kufa na kupona sasa kimepanda juu ya nyumba, mwakani kitafika mbinguni. Choo cha Desderi, ambacho alikifunika kwa bidii kuliko vyote, kiliota vizuri, kikanywa maji, kikawa kizito, kikamwangukia yeye mwenyewe akiwa ndani na gazeti. Tulimtoa na ulezi masikioni.

"Ndege?" akauliza, macho yamemtoka.

"Hapana, balozi. Mavuno."

Nacheka hata sasa. Lakini katikati ya kicheko hicho ndipo alipofika Mwajuma.

Mwajuma alikuwa mke wa mdogo wake Haji, aliyekuwa na duka Bukoba. Mume lori lake lilichukuliwa kubeba askari, naye akaenda nalo kama dereva. Kabla ya kwenda alimpakia mkewe na mtoto wao, Shabani, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kukimbia. Wakavuka ziwa, wakapanda treni mpaka Mpanda, lori la Haji likawapokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, anajibu salamu vizuri, anakula vizuri. Mkewe Haji akawapa chumba kizuri cha mwisho, chenye dirisha la mbele.

Siku ya kwanza mvua iliponyesha, Mwajuma alimchukua mtoto akatoka mbio, akasimama katikati ya ua, kwenye maji, amejikunja juu ya Shabani kama kuku anayefunika vifaranga. Mvua ilipokatika akarudi ndani, akaomba radhi, akapiga deki matope aliyoingiza. Siku ya pili vilevile. Na huku kwetu masika si mvua ya siku mbili, na baridi yake mnaijua. Shabani akaanza kukohoa. Hospitali wakampa dawa, wakasema mtoto asilowe tena, kifua kimeshashikwa, akilowa tena hawajui.

Nyumba ile ilijaribu kila kitu. Walimtia pamba masikioni. Walifungua redio mpaka mwisho. Mkewe Haji alikaa naye, amemshika mikono, na bado aliponyoka. Jamaa wote walimwambia neno moja: "Usiogope, huku ni mbali." Naye alikuwa anajibu, "Najua." Alijua kweli. Wingu likija alikuwa anatoka hivyohivyo.

Haji akaniita. Nilimkuta amekaa barazani, ile sauti ya kushusha mizigo haipo.

"Shikamoo, Haji."

"Marahaba, fundi. Panda ukague bati za chumba cha shemeji. Labda kuna moja imelegea, inapiga."

"Na isipokuwa imelegea?"

"Panda tu." Kisha akasema, akitazama chini, "Ndugu yangu amenikabidhi watu wawili. Akirudi akiuliza mtoto yuko wapi, nitamwonyesha nini? Bati?"

Nikapanda. Hakuna kilicholegea. Nikagonga msumari mmoja, ili mtu asiseme sikufanya kazi, na kutoka mgongoni mwa paa nikamwona Mwajuma akitoka mbio na mtoto, hakuna hata wingu. Nikaweka nyundo chini taratibu. Nikakaa huko juu nikiwaza, na kuwaza kwangu kulichukua muda kiasi kwamba mvua ya mchana ikanikuta hukohuko.

Nilishuka nikikimbilia mlango wa nyuma, na hapo nikashangaa. Ua ulikuwa mtupu. Mwajuma hakuwa amesimama kwenye maji. Nikamtafuta, nikamwona ndani ya banda la kuku, amekaa juu ya gunia la pumba, Shabani amelala begani. Kuku wamemzunguka wanamtazama kwa dharau, kama wapangaji waliolipa kodi.

Nikajibanza mlangoni. "Mama Shabani, mbona leo umeishia hapa?"

"Hapa hapasemi, fundi."

Nikainua macho. Juu yetu kulikuwa na lile tuta la Desderi, limekamata mizizi, ulezi umesimama. Mvua ilikuwa inanyesha kwa nguvu, na ndani ya banda ulisikia kuku wakipumua.

Ninyi mnanijua, siwezi kuliacha swali likae peke yake. Watu wote walikuwa wamemwambia asiogope, hakuna aliyemuuliza anaogopa nini. Nikamuuliza. "Kule Bukoba ulisikia nini?"

Akamrekebisha mtoto begani.

"Watu wanadhani ni mshindo," akasema. "Mshindo ni mmoja, unapita. Ndege ilipokuja watoto wa jirani waliipungia mkono. Hatukuwa tunajua kwamba ndege ni kitu cha kukimbia. Ikapiga. Kukawa kimya kabisa, nikasema moyoni, tumepona. Halafu vikaanza kushuka. Mawe, udongo, vipande vya mbao, sijui vitu gani, vyote vilivyokuwa vimerushwa juu, vikaanza kushuka juu ya bati letu. Kwanza kimoja kimoja. Halafu vingi. Mimi niko chini ya kitanda na mtoto, nasikia paa linaanza polepole, linaongeza, linaongeza. Tulipotoka, nyumba ya jirani haikuwepo. Na wale watoto..." Hakumaliza, nami siku hiyo moja katika maisha yangu sikuuliza tena.

Mvua ikaendelea. Baadaye akasema, "Mvua huanza vilevile, fundi. Kimoja kimoja."

Nilimwendea Haji na maji yananichuruzika. Nikamwambia yote, na kwamba shemeji yake ametulia bandani. Akaruka.

"Mke wa ndugu yangu alale na kuku? Mji mzima useme?"

"Hatalala na kuku. Tutafunika bati za chumba chake kwa udongo kama lile banda."

Nikajisikia mwerevu. Tukatuma mtu kwa Mzee Kalolo atupe mkono, naye akashuka mlimani kesho yake, akasimama barabarani, akatazama nyumba ndefu ya Haji, akanitazama mimi.

"Nani kasema udongo?"

"Mimi, mzee."

"Banda la kuku ni dogo, limebebwa na miti minene. Chumba hiki mbao zake za kenchi ni nyembamba kama miguu yako. Tandika udongo hapo, unyeshewe wiki mbili, umuue mama wa watu kwa mkono wako, ndege isumbuke ya nini? Hujasikia habari za choo?"

Desderi, aliyekuwa amekuja kutazama, akakohoa.

"Kwa hiyo?" Haji akauliza.

"Kwa hiyo toa bati. Inua kenchi, tia fito, ezeka nyasi. Nyasi nene, za mkono mzima. Nyasi hazisemi."

Mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kujua uzito wa maneno hayo. Mfanyabiashara wa kwanza mtaani kupiga bati, mbele ya nyumba, dirisha la barabarani, arudi kwenye nyasi! Haji alisimama akitazama bati zake kama mtu anayetazama meno yake kwenye kioo. Desderi akaona ni wajibu wake aseme.

"Haji, kuna kampeni ya nyumba bora. Wewe ni mfano. Mfano ukirudi nyuma, na sisi nyuma yako twende wapi?"

"Ndugu balozi," Haji akasema, "si wewe uliyetuamuru tufunike?"

"Nilisema mfunike bati, sikusema mziondoe."

"Basi nafunika vizuri kukupita wewe. Rubani akija hapa hataona hata bati lenyewe." Kisha, ndani ya ua, Shabani akakohoa kile kikohozi chake cha kukwaruza. Haji hakumtazama tena balozi. "Fundi. Toa bati."

Tukatoa. Misumari ya bati ingolewe kwa kuinua kofia kwanza, jamani, msiivute kwa hasira, mtalipasua bati tunduni. Wakati tunafanya kazi Mwajuma na mwanawe walilala kwa jirani mwenye jiko la nyasi. Nyasi tulizipata mlimani, zile ndefu za mwaka uliopita ambazo Mzee Kalolo alikuwa amezihifadhi darini kwa ajili ya paa lake mwenyewe. Nilipomuuliza yeye atatumia zipi, aliniambia nishike kamba na kufunga mdomo. Tukainua kenchi, tukafunga fito, tukalaza mashina chini, tabaka juu ya tabaka, tukapigapiga kwa ubao mpaka uso wa paa ukawa laini kama mgongo wa ng'ombe. Mzee aliingiza mkono kila mahali. Mara mbili vidole vilitokea, mara mbili nilifungua. Wapita njia walikuwa wanacheka. Walisema nyumba ya Haji imevaa kofia upande mmoja, walisema amefilisika kuanzia mwisho. Yeye alikuwa anawajibu kutoka dukani, "Ndiyo, nanyi njooni mlipe madeni yenu!" na kicheko kilikuwa kinapungua.

Mwajuma akaingia chumbani asubuhi moja ya jua. Akatazama juu, akanusa. "Panafanana na shambani kwa mama," akasema. Tukabaki kusubiri wingu, kama watu wanaosubiri hukumu.

Lilikuja siku ya pili, mchana, na halikuleta mvua ya kawaida. Ilikuwa mvua ya mawe, ile ya kwetu inayochana majani ya mahindi. Mimi na Haji tulikuwa kwenye baraza la uani, Mzee Kalolo ameketi kwenye kizingiti. Bati za nyumba kubwa zilipiga kelele hata nikamwona Haji anafungua mdomo bila kusikia neno. Sote tulikuwa tunatazama mlango mmoja, wa chumba cha mwisho. Nilikuwa najua ulivyo, unatokea uani moja kwa moja: ukifunguka, mtoto yuko kwenye mawe yale. Haji akanyanyuka aende akaushike. Mzee akamvuta kanzu, akamkalisha. Tukakaa. Mawe yakaruka uani, yakajaa, ua ukawa mweupe. Mlango haukufunguka.

Yakakatika ghafla kama yalivyoanza. Ikabaki michirizi ikidondoka pembezoni mwa paa la nyasi. Bado mlango umefungwa, na hapo sasa Haji akaogopa upande wa pili, akanishika mkono, "Fundi, mbona kimya? Wazima hao?"

Ndipo ukafunguka. Mwajuma akatoka akipiga miayo, alama za mkeka zimemchora shavuni, kanga imepinda. Nyuma yake Shabani, anafikicha macho. Mwajuma akasimama akautazama ua mweupe wote, akatutazama sisi wanaume watatu tuliojipanga barazani kama wezi waliokamatwa.

"Shemeji," akasema, "nani amemwaga chumvi yote hii?"

Haji Mbaraka akashuka ngazi za baraza kwa miguu mitupu, akainama na kanzu yake, akaokota punje moja, akaitia mdomoni, akaimumunya kwa muda mrefu sana huku ametugeuzia mgongo. Kisha akaokota nyingine, akampelekea Shabani.

"Onja, baba," akasema. "Haina chumvi hata kidogo."